Tangazo linamcheka mpiga picha. Na picha ya hilo tangazo kapiga nani?

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, herufi zikipinda mtanisamehe. Wasimamizi nawaomba msiupeleke uzi huu jukwaa la vichekesho, maana najua utaanza kuchekwa kabla haujasomwa.

Nipo Mtwara mjini, huu mwaka wa 11 napiga picha. Harusi, sendofu, mahafali, paspoti, mwali akitoka ndani, hata msibani naitwa. Kibanda changu kipo njia ya sokoni. Zamani ukiuliza ungeonyeshwa kwa jina langu. Sasa hivi uliza "kwa Legeza", mtoto wa darasa la pili atakushika mkono akufikishe mlangoni.

Jina hilo sikupewa na mama yangu. Nimepewa na tangazo la simu.

Mnalijua. Lilianza kurushwa kuelekea msimu wa korosho, maana wanajua huku kwetu hela inaingia lini. Mpiga picha kageuza kofia kisogoni, kavaa skafu (skafu, kwa joto hili!), anamzunguka binti kama nzi kwenye papa mbichi. "Legeza bega, mtoto mzuri. Legeza. Legeza tena." Binti anabinua midomo, anacheka hovyo, tangazo zima hana neno lake hata moja. Anatokea kijana wa bodaboda na simu, anabonyeza mara moja, binti anachungulia kioo, macho yanamtoka, anapanda pikipiki anaondoka. Mpiga picha anadondokea kwenye taa zake mwenyewe. Sauti inamalizia: "Mpiga picha wa nini?"

Mara ya kwanza nililiona kibanda umiza, mapumziko, Namungo wanacheza. Watu kama 60 mle ndani. Tangazo lilipoisha hakuna aliyeangalia runinga tena, waligeuka wote kuniangalia mimi. Nikacheka nao. Nilidhani utani wa siku moja.

Wiki mbili baadaye nipo Likombe kwenye sendofu. Naingia chumbani kumpiga bibi harusi akivalishwa, shangazi mtu kakaa katikati ya mlango. "Shikamoo shangazi." "Marahaba baba. Pigia hapo hapo ulipo." Nikamwambia shangazi, kutoka hapa nitapata mgongo wa mpambaji tu. Akasema, "Tumekuoneni kwenye tivii, kazi yenu tunaijua." Nikapiga mgongo wa mpambaji. Albamu ilipotoka wakalalamika, wakanikata 80,000.

Halafu akaja mama na mwanawe wa kidato cha nne, picha ya paspoti tu. Paspoti! Mtu anakaa kwenye stuli, nyuma shuka la bluu, unamwambia nyanyua kidevu, kwisha. Nilipotaka kusema "legeza bega" (na ndiyo neno lenyewe, wakuu, bega likikakamaa mtu anaonekana kama kakamatwa), nikaling'ata katikati. Picha ikatoka binti kakakamaa. Nimepoteza neno la kazi yangu.

Sasa sikilizeni lile ambalo nilikuwa sijalisema popote.

Picha za tangazo hilo zilipigwa Msimbati, na mimi nilikuwepo. Nilishika lile duara la kitambaa cha fedha la kuakisi mwanga, siku mbili, 50,000 na chakula. Walikuja na magari mawili kutoka Dar, moja likazama mchangani kabla hata hatujaiona bahari, tukalisukuma na wavuvi. Saa 12 asubuhi tulikuwa tumeshapanga vitu, jua linachomoza.

Kamera iliyopiga picha zile, zile ambazo bango linasema "imepigwa kwa simu hii", ilikuwa kamera kubwa yenye lenzi unayoweza kuiuza ukanunua bajaji. Simu yenyewe ilikuwa kwenye boksi. Ilitolewa mara moja, kijana wa bodaboda aishike mkononi ionekane. Haikuwa hata na chaji.

Na mpiga picha wao, kaka mmoja mtulivu, hana kofia hana skafu, siku zote mbili hakumgusa binti hata kwa ncha ya kidole. Kanga ikikaa vibaya begani alimwita dada wa mavazi. Ilipofika saa 3 mwanga ukawa mkali alisimamisha kazi, akasema mabinti wakae kivulini wanywe maji. Huyo ndiye aliyewatengenezea tangazo la kumtukana mpiga picha. Nilimwuliza kama amesoma mchezo wenyewe ulivyo. Akacheka kidogo tu, akaendelea kufuta lenzi.

Yule modo wao mkuu alitoka Dar. Ila walitaka na "sura ya hapa" kwa ajili ya mabango ya kusini, wakaniuliza kama namjua mtu. Hapa ndipo ninapojilaumu. Nilimjua. Ana miaka 20, anajifunza cherehani, nilikuwa nimeshampiga mara mbili akivaa vitenge vya fundi wake. Nilikwenda mwenyewe kwao, nikakaa kwenye mkeka, nikawaambia wazazi wake ni picha za heshima, kanga na bahari, mimi nitakuwepo. Mama yake akasema, "Mwanangu, kama upo wewe sina wasiwasi."

Kwa wasiojua kazi hii. Uso mweusi kwenye mchanga mweupe, jua la pwani, ni mtihani. Kamera inapima mwanga wote kwa pamoja, inaona mchanga unang'aa, inapunguza, na uso unabaki kama kivuli chenye macho. Ndiyo maana nilishika kile kitambaa nusu siku mpaka mabega yakawaka moto, narudisha mwanga shavuni kidogo kidogo, huku yule kaka ananiambia "panda... shuka... hapo hapo". Yule binti ni mweusi wa mpingo. Mpingo uliokwisha kupigwa msasa, ule anaoumalizia mchongaji kwa nta. Nilichungulia kwenye kioo cha kamera nikaona weusi ule umekaa na kila kitu chake, mng'ao wa paji, kivuli cha pua, na mwanya wake pale anapocheka. Nikajisemea, leo Mtwara imepigwa picha.

Bango likapandishwa njia ya kwenda stendi ya Mkanaledi. Mama yake amepita chini yake mara tatu anakwenda kununua samaki. Hakumtambua mwanawe.

Wamemfanya rangi ya andazi lisiloiva. Mwanya wameuziba. Na kanga ya begani, ile niliyowaapia wazazi wake, haipo. Kompyuta imeifuta, imemchorea bega la kwake. Mama aliponifuata kibandani hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Mwanangu ana mwanya." Akarudia. "Mwanya ule katoa kwa bibi yake."

Baba mtu alikuja Ijumaa baada ya swala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ulikuja kwangu ukasema picha ya nguo."

"Ndiyo mzee."

"Iko wapi nguo?"

Ningemjibu nini? Kwamba nguo ilikuwepo asubuhi ile, ila imevuliwa Dar na mtu ambaye hajawahi hata kumwona binti? Mzee hajui kompyuta inavua watu, na sikuona namna ya kumweleza isiyozidi kumtia aibu.

Na nyie wananchi wenzangu ndio mliokuja kumalizia kazi. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, bango lilipopigwa picha na kutumwa, sikuona hata mmoja aliyeuliza kampuni. "Kajichubua huyo." "Kashauza bega, kesho atauza nini?" "Muulizeni Legeza alimlegezaje." Mwenye kampuni yupo Dar kwenye kiyoyozi anahesabu laini zilizosajiliwa, nyie mnamrukia binti wa cherehani aliyelipwa 40,000. Fundi wake kamwambia apumzike kwanza kuja, wateja wanasemasema.

Wapo wapiga picha mashetani, sikatai. Namjua mmoja huku huku, anayewaambia mabinti "picha za majaribio" usiku, na nikipata ushahidi nitampeleka polisi mimi mwenyewe kabla ya yeyote. Tangazo lile halikumlenga huyo. Lingemlenga lingemwonyesha mchafu, watu waogope. Lenyewe limeufanya uchafu wake uwe kichekesho, halafu likatuvika wote kofia moja. Na limemfanya binti aonekane anaupenda.

Nyongeza, saa 3 usiku

Nimesoma majibu. Wa "wivu tu, simu zimekula mkate wako": mkuu, simu zimekula kweli, sibishi. Paspoti zimebaki robo. Lakini mimi sijalalamikia simu, nalalamikia mtu anayetumia kamera yangu kutangaza kwamba kamera yangu haina kazi. Na si wa kwanza. Mwaka 2012 Nokia walitoa video ya simu yao ya Lumia 920, binti anaendesha baiskeli, picha imetulia kama maji mtungini, wakataka tuamini ni simu. Watu wakatazama vizuri, kwenye kioo cha dirisha nyuma yake anaonekana mpiga video ndani ya gari na kamera kubwa. Nokia wakaomba radhi. Mwaka 2016 Huawei wakaweka picha kuitangaza simu yao ya P9, watu wakafungua taarifa zilizofichwa ndani ya faili wakakuta kamera kubwa, Canon EOS 5D Mark III. Wakaomba radhi nao, wakasema haikuwa nia yao kupotosha watu. Huko waliwakamata kwa sababu kuna waliokodoa macho kwenye kioo cha dirisha. Sisi tumekodoa kwenye bega.

Wa "modo kajitakia": hebu acha. Mwaka 2017 Dove, wale wa sabuni, waliweka video fupi Facebook, dada mweusi anavua fulana anatokea mzungu. Dunia ikachemka, Dove wakaomba radhi. Yule dada, Lola Ogunyemi, ilibidi aandike mwenyewe gazetini kwamba yeye si mhanga, kwamba alijua anachofanya na alijivunia kuwa pale. Waliomtukana na waliomwonea huruma wote walikuwa hawajamuuliza. Huyu wa kwetu nani kamuuliza? Mimi nimemuuliza jana. Kasema kazi ya picha aliipenda, siku mbili za Msimbati alizifurahia, na angekwenda tena. Anachotaka ni sura yake.

Wa "weka sheria ya kuandika kwamba picha imerekebishwa kama Ufaransa": ipo kweli, tangu Oktoba 2017, tangazo la biashara likimkondesha au kumnenepesha modo kwa kompyuta lazima liandikwe. Ila mkuu soma vizuri, ile inahusu umbo la mwili. Rangi ya ngozi haimo, na mwanya haumo. Tukiiga tuige na kiraka.

Aliyeuliza mkataba: alisaini fomu. Kurasa nne, Kiingereza, juu ya boneti ya gari, upepo unapeperusha karatasi na dada wa mavazi anashika kona. Na mimi nilikuwa pembeni nimeshika kitambaa, sikusema "ngoja isomwe". Nakala hakupewa. Najua kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake ipo. Mwanasheria aliyemo humu aniambie kitu kimoja tu: ukisaini wakupige picha ukiwa na kanga, umesaini na kuvuliwa?

Wa "kwa nini usinyamaze, utakosa kazi zao": nimeshakosa za hapa.

Nyongeza ya pili

Kumbe ninayo picha. Siku ya pili, wakati wa kunywa maji kivulini, nilimpiga kwa simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Kanga begani, kashika chupa, anacheka mwanya wote nje. Hiyo ndiyo picha pekee kutoka Msimbati iliyopigwa kwa simu. Nimeichapa kubwa leo mchana.

Mwenye kujua ni dawati gani pale manispaa linalotoa vibali vya mabango aniandikie hapa, namba ya chumba na jina la idara inatosha. Jumatatu saa 2 asubuhi nakwenda na mama yake. Tutaweka mezani picha mbili, ya kwao na ya kwangu. Baba mtu bado hajasema kama anakuja.