Naomba ushauri: mgonjwa wa mapafu anavua oksijeni usiku na kutukana wauguzi

SistaWaZamu
Wakuu habari zenu, hasa wauguzi wenzangu. Niko wodi ya wanaume, hospitali ya wilaya. Tuna mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, kavuta sigara miaka mingi. Mchana ni mtu wa watu, anasali, anataniana na wenzake. Usiku ukiingia anageuka. "Sista! Sista!" Hujampa hata mgongo, anaita tena. Ukifika hana anachotaka, anakushika tu mkono hataki kuachia. Anavua barakoa ya oksijeni, anatukana, juzi kamrushia mwenzangu kikombe cha uji. Wodi nzima hailali, na usiku tuko wawili tu. Sasa wenzangu wameanza kumkwepa, akiita wanajifanya hawasikii, na hilo ndilo linaloniuma. Wengine wanataka aandikiwe diazepamu alale. Mimi roho inasita. Tumfanyeje?

Mjomba_K
Mfungeni mikono kitandani, wagonjwa wengine nao wana haki ya kulala.

DaktariWaWilaya
Kumfunga hapana. Mapafu yake hewa haitoki vizuri. Akishikwa na hofu anapumua harakaharaka, hewa inajazana ndani, anahisi kukabwa, hofu inazidi. Ukimfunga hapo umemmalizia. Diazepamu nayo iogopeni, inapunguza nguvu ya kupumua, na kwa mapafu kama hayo anaweza asiamke.

Kabla hamjasema ni tabia, pimeni: oksijeni kwa mashine ya kidoleni, sukari, joto, presha, na mguse kibofu kama kimejaa. Wagonjwa wa aina yake mara nyingi tunalenga oksijeni asilimia 88 hadi 92, si 100. Akianza kuongea vitu visivyoeleweka au kusinzia mchana kutwa, hiyo si hofu tena, mwite daktari saa hiyohiyo. Je, ni mnywaji? Aliyezoea pombe kila siku akikatiwa ghafla, siku ya pili au ya tatu anatetemeka, anatoka jasho, anaona vitu, na matibabu yake ni mengine kabisa. Nitajie na dawa zake.

SistaWaZamu
Pombe hanywi, ndugu wamethibitisha. Oksijeni 89, 90. Sukari iko sawa. Anajua yuko wapi, na asubuhi anaomba radhi kitanda hadi kitanda. Anapata salbutamoli ya kuvuta ya kupanua njia za hewa, antibiotiki, na prednisoloni, ile steroidi ya kupunguza uvimbe mapafuni, asubuhi na jioni.

DaktariWaWilaya
Anzia hapo. Prednisoloni ya jioni inafukuza usingizi na kuleta wasiwasi, ongea na daktari wake kama dozi yote inaweza kuwa asubuhi. Salbutamoli inapeleka moyo mbio na mikono inatetemeka, mgonjwa anadhani anakufa. Mwambieni kabla ya kumpa.

MamaWawili
Mdogo wangu, pole na kazi. Nimeuguza wagonjwa wa akili muda mrefu. Huyo mzee anaita kwa sababu hajui utarudi lini. Usingoje aite. Ukiingia zamu anza na yeye, kaa, mwambie: "Baba, nipo mpaka asubuhi. Nitapita kila nusu saa, hata ukilala nitakuangalia." Halafu upite kweli, maana ukikosa mara moja hatakuamini tena. Akitulia, ongeza muda kidogokidogo.

Matusi usibishane nayo, lakini mpaka uwepo: "Nitakusaidia kupumua, Baba, ila kikombe hakirushwi." Basi, sauti ya chini. Iandikeni kwenye makabidhiano, zamu zote zifanye hivyohivyo. Mmoja akimdekeza na mwingine akamkaripia, hatatulia.

Barakoa wengi wanahisi imewaziba, uliza kama mipira ya puani itamtosha. Akizidiwa, mkalishe wima ameinama mbele, mikono juu ya mto mezani, atoe pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza chai. Fanya naye. Kumwambia "tulia" hakusaidii kitu. Fungua dirisha upepo umpate usoni.

BintiWaMzee
Mimi si muuguzi. Baba yangu alikuwa hivyohivyo alipolazwa. Baadaye ndiyo akatuambia: jirani yake wa kitanda alifariki usiku, pazia likavutwa, hakuna aliyemwambia neno. Toka hapo akaogopa kufumba macho. Muulizeni mzee anaogopa nini hasa.

SistaWaZamu
Asante dada, nitamuuliza mchana akiwa ametulia. Ya prednisoloni naipeleka kwenye raundi ya asubuhi. Mwanawe wa kiume anaomba kulala naye, ila usiku ndugu hawaruhusiwi wodini kwetu. Nipiganie?

MamaWawili
Pigania. Muombe muuguzi kiongozi angalau usiku chache hizi za kubadilisha dawa. Kijana mfundishe ile pumzi ya midomo amsaidie baba yake, na umwonyeshe mtungi wa oksijeni, asiuguse. Ndugu wengi wanauongeza wakidhani wanasaidia, na kwa mapafu ya mzee huyo oksijeni ikizidi inaweza kumpoteza fahamu.