NADP-malati dehidrojenasi ya mihindi: giza na mwanga zinatoa namba moja, kosa liko wapi?

TP_Bukavu
Jambo wandugu. Kwenye TP (mazoezi ya labo) ya fiziolojia ya mimea tunapima NADP-malati dehidrojenasi, enzimu inayoamshwa na mwanga, ya majani ya mihindi. Mimea mingine imelala gizani, mingine imepigwa jua saa nzima. Tunasaga jani ndani ya Tris 50 mM pH 8, MgCl₂ 5 mM na DTT 10 mM, tunachuja, tunaacha kwenye barafu nusu saa tukingoja zamu ya spektrofotomita, kisha tunasoma kwenye 340 nm, mahali NADPH inapofyonza mwanga. Matokeo karibu sawa! Ya giza si ingekuwa chini sana? Taa ya mashine ni mbovu ao ni sisi?

Labo_Himbi
Ni DTT. Mwanga hauigusi hiyo enzimu yenyewe. Unasukuma elektroni kutoka fotosistemu ya kwanza hadi ferredoksini (protini inayobeba elektroni), enzimu nyingine inazipitisha kwa thioredoksini (protini ndogo), na thioredoksini ndiyo inayofungua daraja la salfa mbili kwenye malati dehidrojenasi. Likifunguka, inaamka. DTT inafungua daraja lile lile bila mwanga wowote, na dondoo lenu bado lina thioredoksini ya kuisaidia. Sampuli ya giza mmeiamsha wenyewe.

Sageni bila DTT wala merkaptoetanoli (nayo inafungua madaraja hayo). Gawanya dondoo mara mbili. Nusu ya kwanza isome papo hapo: hiyo ni shughuli ya awali. Nusu ya pili itie DTT 50–100 mM, pH 8 ao juu kidogo, joto la chumba, usome kila baada ya dakika kumi mpaka isipande tena: hiyo ni jumla. Linganisha awali na jumla kwa asilimia, maana majani hayalingani protini. Msitie NADP⁺ wakati wa kuiamsha, inazuia.

Kwenye kiveti: Tris 100 mM pH 8, NADPH 0.2 mM, dondoo, halafu oksaloasetati 1 mM ya kuanzisha (enzimu inaigeuza malati huku ikila NADPH). Oksaloasetati itengenezwe siku ile ile, inaharibika. Hesabu NADPH iliyoliwa kwa 6.22 mM⁻¹cm⁻¹, kiasi inachofyonza mwanga kwenye 340 nm.

Kenya_Lushi
Naongeza: jani lina NAD-malati dehidrojenasi nyingi sana, nayo inakula NADPH kidogo. Kidogo hicho kinatosha kuinua namba ya giza. Ipimeni kwa NADH kwenye dondoo hilo hilo mjue ukubwa wake, kabla ya kulaumu taa.

Tena jani la jua linarudi usingizini kwa dakika chache tu likiingia kivulini. Ukilikata nje ukatembea nalo hadi labo, umekwisha kulipoteza. Ligandishwe pale pale juani, likiwa bado linaangaliana na jua, katika azoti ya kimiminika.

TP_Bukavu
Asanti sana, wakubwa. Azoti hatuna. Na kama tungepima enzimu nyingine?

Labo_Himbi
Bila azoti, beba kinu juani na usage pale pale, kwa bafa baridi ya pH 6 hivi iliyochemshwa ikapozwa ikiwa imefunikwa. pH ya chini inatuliza salfa, na oksijeni ikipungua, enzimu haifungwi upesi. Si safi kama azoti, lakini tofauti itaonekana.

Enzimu nyingine? Fruktozi bisfosfatasi nayo inaamshwa na thioredoksini, ila inataka pia Mg²⁺ na pH karibu 8, ambavyo mwanga huvipandisha ndani ya stroma, majimaji ya ndani ya kloroplasti (gizani pH ni 7 hivi). Glukozi-6-fosfati dehidrojenasi ya kloroplasti ni kinyume kabisa: thioredoksini inaizima, sukari isivunjwe huku inatengenezwa.

Kenya_Lushi
Rubisko (enzimu inayokamata CO₂) msiichukue kwa maharagi kama mnataka kitu chepesi: usiku majani yake yanajaza kizuizi, CA1P, kinachoziba mlango wa enzimu, na DTT haikitoi. Na mkibaki na mihindi mkachagua piruvati fosfati dikinasi, hiyo haina habari na thioredoksini, inazimwa gizani kwa kutiwa fosfati. Hapo barafu yenu ndiyo adui: kwenye baridi inavunjika vipande na shughuli inapotea. Ishikeni kwenye joto la chumba.