Fundi wa rangi za magari kanipulizia jelikoti kwenye boti, wiki ya 3 hii bado inanata kama ulimbo

Wakuu, leo nimekuja na povu, na povu lenyewe lina harufu ya stairini, ile kemikali kali ya kwenye faiba. Anayetaka salamu ndefu anisamehe.

Nina boti ya faiba ya futi 23, naiegesha Kunduchi, inapeleka watu kisiwa cha Mbudya na siku nyingine Bongoyo. Jina lake Usinicheke. Niliinunua ikiwa mtu mzima tayari: mwili imara, uso umechoka. Weupe ulishakuwa rangi ya maziwa yaliyolala, ukiipitishia kiganja unatoka na unga kama umeshika chaki, na pale zinapofungwa kamba kulikuwa na vijinyufa kama utando wa buibui. Nikasema masika haya, biashara ikiwa imelala, naivuta juu naipa jelikoti mpya, yaani lile koti gumu la nje la boti ya faiba. Sabasaba inikute majini.

Leo wiki ya 3 tangu ipulizwe. Nikiweka kidole kinabaki. Nakibandua. Boti yenyewe ipo chini ya mivinje, kwa hiyo kila upepo ukipita inaongeza manyoya. Mbu wamo, vumbi limo, upande wa kushoto kuna nyayo za paka zimepanda mpaka juu zikaishia hapo, sijui alishukaje. Watoto wa pwani wamebadili jina, wanaiita Kuku. Usinicheke ndiyo hiyo inayochekwa.

Sasa fundi. Nilielekezwa kwake na jamaa, anapuliza magari kwenye gereji moja ambayo siitaji. Na nimpe haki yake, magari anayapuliza vizuri, nimeyaona kwa macho. Nikamuuliza: fundi, jelikoti umeshawahi kupuliza? Akacheka. "Bosi, rangi ni rangi." Nikampa 500,000 ya kuanzia, ibaki 200,000 akimaliza. Ningekuwa na akili ningeondoka palepale aliposema rangi ni rangi.

JELIKOTI SI RANGI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimechoka kulisema kwa mdomo.

Jelikoti ni rezini ya poliesta, plastiki ya majimaji, iliyotiwa rangi. Haikauki, inaiva. Bila hadena ya kutosha, ile dawa ya kuiivisha, unaweza kuisubiri mpaka wajukuu. Kisha kuna hili ambalo fundi wangu hakulijua na hakutaka kulijua. Kiwandani boti ya faiba inajengwa kinyumenyume. Kuna kalibu, ndani imeng'arishwa kama kioo na kupakwa nta. Kinachopulizwa kwanza ni jelikoti, halafu ndiyo zinafuata mati za nyuzi za faiba na rezini. Maana yake uso utakaokuja kuuona wewe umelala kwenye kalibu, hauoni hewa. Unaoiona hewa ni mgongo wake, na huo mgongo unatakiwa unate kidogo ili rezini inayofuata ishikane nao. Kiwandani kule kunata ni sifa. Sasa unapuliza kitu kilekile juu ya boti iliyokwisha kujengwa, kalibu hakuna, uso wote unaitazama hewa. Oksijeni inaizuia ngozi ya juu isiive. Chini mfupa, juu ulimbo.

Dawa yake ipo na ni ya zamani: koti la mwisho linatiwa nta iliyoyeyushwa kwenye stairini. Jelikoti ikianza kushika, nta inapanda juu na kutanda kama malai kwenye maziwa, hewa inakosa njia. La mwisho tu, jamani, ukitia nta kwenye kila koti, linalofuata halishiki mpaka upige msasa katikati. Asiyetaka nta anapuliza utando wa PVA, plastiki inayoyeyuka kwa maji, juu ya kazi iliyokwisha, jelikoti ikiiva anauosha kwa maji. Basi. Hakuna uchawi.

Dukani nako ni hadithi. Wanaipima kutoka kwenye pipa, wanakutilia kwenye ndoo iliyokuwa ya mafuta ya kula, hakuna karatasi, hakuna jina, hakuna tarehe. Nikauliza: hii ina nta au haina? Muuzaji akanitazama, akasema, "Mzee, ni nyeupe."

Turudi kwenye boti. Siku ya kwanza fundi kafika na grainda na msasa namba 80, kaanza kusaga moja kwa moja. Hakuosha. Boti ina nta za miaka na uchafu wa miaka, msasa unazichukua unazisukumia ndani ya mikwaruzo. Hapa inabidi nikiri na mimi: mabaharia wangu walikuwa na tabia ya kuipaka ile dawa ya kung'arishia dashibodi, wageni wakikaribia. Ina silikoni. Mimi nilijua wanaipaka na nilifurahi inavyong'aa. Silikoni na jelikoti ni paka na panya. Ilivyopulizwa tu, ikaanza kukimbia na kuacha vitobo vya duara, kama maji kwenye sufuria yenye mafuta. Kuosha kwanza, tena kwa kitambaa safi kinachobadilishwa kila mara, ndiyo msasa. Mpangilio huo. Nilikuja kuambiwa nikiwa nimeshaharibikiwa.

Halafu kuna gani, bunduki ya kupulizia. Gani yake ni ya magari, nozeli 1.4. Jelikoti ni nzito kama uji wa kunyonyesha, inataka nozeli ya 2.5 au karibu na hapo. Haikupita. Mtu mwenye akili angetafuta gani nyingine. Yeye akachukua tina ya gari akamimina! Nikamuuliza hiyo tina inaruhusiwa? "Bosi, usiwe na presha." Tina inabaki imefungiwa ndani, inatafuta pa kutokea, ndiyo hivyo vitobo vya sindano ninavyoviona leo nikiinama na tochi. Kitu cha kuilainisha jelikoti ni stairini, tena kidogo mno.

Hadena alipima kwa kifuniko cha chupa. Kifuniko! Hesabu inajulikana: kilo moja ya jelikoti inataka kama gramu 10 hadi 20 za hadena, basi, yaani asilimia 1 hadi 2, na mizani ya jikoni inatosha kupima. Mchanganyiko wa kwanza alitia vifuniko sijui vingapi, joto la Dar mnalijua, dakika hazikupita nyingi kikombe cha gani kikawa cha moto hakishikiki, jelikoti ikagandia ndani. Saa nzima wanachokonoa gani kwa waya. Kwa hofu hiyo mchanganyiko wa pili akapunguza hadena mpaka ikawa kama ameionyesha tu. Ndiyo maana ubavu wa kulia umegeuka mfupa na wa kushoto ni uji. Boti moja, fundi mmoja, siku moja.

Na unene. Gari unapiga nyembamba, inapendeza. Jelikoti ikiwa nyembamba haiivi vizuri, stairini inaruka kabla kazi haijaisha na joto lake lenyewe halitoshi. Inatakiwa kama nusu milimita ikiwa mbichi. Nimepiga hesabu baadaye usiku, usingizi haupo: mbavu mbili za boti yangu ni kama mita za mraba 12. Kwa nusu milimita hizo ni lita 6, kilo 7 na ushei, na hapo hujahesabu inayopotea hewani. Kilo 10 ndiyo uhakika. Fundi aliniambia kilo 4 zinatosha na nyingine itabaki. Na kweli ilibaki! Akaniuliza kama anaweza kuichukua.

Mvua nayo. Tulikuwa katikati ya masika, turubai limefungwa kwenye mivinje, asubuhi boti imelowa umande, kompresa inatema maji kwenye mpira kwa sababu haina kichujio. Nilimwambia tusubiri jua la saa nne liikaushe. Akaniambia ana gari la mtu jioni.

Lakini hasira yangu kubwa haipo kwenye pesa wala kunata. Kijana wake, hata miaka 18 sidhani, alikuwa anachanganya hadena bila miwani, amejifunga kipande cha fulana puani. Ikamrukia shavuni, chini kidogo ya jicho. Hiyo hadena ikiingia jichoni inaweza kukupofusha moja kwa moja. Nikakimbia na ndoo ya maji nikammwagia, nikamwambia aendelee kujiosha. Fundi anacheka, anasema atazoea. Atazoea nini? Upofu?

Wiki ya kwanza nilipolalamika akasema hali ya hewa. Ya pili akasema hadena feki. Ya tatu kasema nimeichezea boti kwa kuigusagusa.

Juzi nikamleta mzee mmoja wa hapa pwani, amejenga boti za faiba tangu sijazaliwa. Hakusema kitu, akatoa ufunguo mfukoni akakwaruza upande wa kulia. Ikatoka unga mweupe. Akaenda kushoto, akakwaruza, ikatoka kama jibini imekunjamana kwenye ufunguo. Akaufuta kwenye shati langu. "Huku utafuta kwa asitoni, utapiga msasa, utapona. Huku toa yote, mwanangu. Hii haijaiva na haitaiva." Nikamuuliza je nikipuliza nyingine juu yake? Akasema unajenga ghorofa juu ya tope.

Kwa hiyo tangu jana tunakwangua kwa vyuma vya kupakia puti, mimi na baharia mmoja. Inatoka utepe mrefu wa kunata, inashika mikono, inashika nywele, mke wangu amenikataza kukaa kwenye kochi.

NYONGEZA, jioni: naona watu mmechangia, asanteni, wengine mmechangia ujinga.

Wewe uliyesema ningepaka rangi ya boti ya sehemu mbili badala ya jelikoti: una hoja. Kwa boti ya zamani wengi wanafanya hivyo, ni nyepesi na inang'aa ikitoka kwenye gani, na huyu fundi angeiweza kwa sababu ndiyo dunia yake, ingawa nayo inataka barakoa ya kweli kwa sababu ya ile sumu ya hadena yake. Mimi nilitaka jelikoti kwa kuwa boti yangu inapandishwa mchangani kila siku, na kitu kinene unaweza kukisugua na kukipolishi tena miaka ijayo. Nililijua hilo. Nilikosea mtu wa kumpa.

Uliyeniambia nimwagie kobalti, ile dawa ya kuharakisha kuiva, na hadena pamoja "iamke": ndugu yangu, futa hilo bandiko kabla mtu hajalifuata. Kobalti na hadena zikikutana zenyewe kwa zenyewe zinaweza kulipuka mkononi. Kama kobalti inahitajika inachanganywa kwenye rezini kwanza mpaka iishe, ndiyo hadena inakuja baadaye. Na jelikoti nyingi za dukani zimeshatiwa tayari.

Anayeuliza kwa nini sikukaa nikamsimamia: nilikaa. Nilikaa kwenye ndoo siku zote mbili. Ndicho kinachouma.

Na yule anayesema puliza tu juu ya epoksi (rezini ya aina nyingine, si poliesta), haina shida: vijinyufa vyangu viwili vilizibwa na epoksi zamani na mwenye boti wa kwanza. Pale ndipo jelikoti imebanduka kama ganda la yai. Poliesta juu ya epoksi haikai vizuri. Nitakwangua na hizo.

Mwenye gani ya nozeli 2.5 ya kukodisha, na kompresa yenye kichujio cha maji, kuanzia Kunduchi mpaka Tegeta, aje inboksi. Mzee amekubali kusimamia, sharti lake ni moja, nimtafutie mizani na miwani mitatu, mmoja wa yule kijana, maana kijana amemwacha bosi wake na amekuja asubuhi kuomba kazi.

NYONGEZA 2: fundi amenipigia sasa hivi. Ameshaonyeshwa uzi. Anasema hana neno na mimi, ila nimtumie ile 200,000 iliyobaki.