IST, X-Trail au Forester: ipi itahimili safari za Mwanza–Buchosa?

Mtoro wa Pantoni
Wakuu, habari za leo. Nina milioni 12 za kununulia gari na hazitaongezeka. Naishi Buhongwa, kazi iko Buchosa. Nakwenda Jumatatu alfajiri, narudi Ijumaa. Tangu daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 19, 2025, ile foleni ya kivuko pale Kigongo tunaisimulia tu. Ila ukishaacha lami huko mbele, masika hayana adabu.

Madalali wamenionyesha tatu. IST ya 2004 namba D, wanataka 11.5. X-Trail ya 2008, namba D pia, 10.5. Forester ya 2005 namba C, haina turbo, 9.8. Moyo uko kwenye X-Trail: ina nafasi, imenyanyuka, na bado inauzwa chini ya IST! Hapo ndipo sielewi, gari kubwa iwe rahisi kuliko kigari kidogo? Bei ya kununua naijua. Naomba wenye uzoefu mniambie itanila kiasi gani baada ya hapo.

Dereva wa Kirumba
Chukua IST ulale usingizi. Nimemaliza.

Spana Kumi na Nne
Swali lako ndilo jibu lako. Gari ya mkononi ikiwa rahisi kuliko ukubwa wake, ujue waliotangulia wameshapiga hesabu. IST haishuki bei kwa sababu kuanzia Mabatini hadi Igoma hukosi kijana wa kuifungua gizani. Injini yake ni 2NZ ya cc 1,300 au 1NZ ya cc 1,500, zilezile utakazozikuta kwenye Funcargo na Probox. Spea haisubiri basi la Dar, ipo dukani leo. Tena taimingi yake, yaani kinachozungusha valvu ziende sawa na pistoni, ni ya cheni, hakuna mkanda wa kuhesabia kilomita.

X-Trail ya 2008 ni toleo la T31. Kabla ya rangi na viti, uliza boksi yake ya gia. Nyingi za lita 2 kutoka Japani ni CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua. Humo kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na unalindwa na mafuta yake maalumu, NS-2. Yakichakaa au yakiwekwa mengine, ukapanda mlima umejaza watu na magunia, joto linapanda, mkanda unateleza, unachubua puli. Baada ya hapo hakuna kutengeneza, ni kutafuta boksi nyingine. Hata Marekani, Nissan ilirefusha dhamana ya boksi za CVT kwa magari yake ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Rogue, ndugu wa hiyo X-Trail, ilikuwamo. Sasa wewe dhamana yako utaidai kwa dalali yupi?

Mama Dagaa
Spana, ungekuwepo mwaka ule ninanunua yangu! Gari yenyewe sina ugomvi nayo, ilinibeba miaka miwili bila neno. Aliyeniponza ni fundi. Nilimpelekea sevisi, akamwaga mafuta ya boksi akajaza ya otomatiki ya kawaida. Nilipouliza akasema yote ni mafuta ya boksi, mama. Wiki ya tatu napanda Bugando kumwona mgonjwa. Injini inalia juu kabisa, gari haisogei, halafu ikaanza kurudi nyuma polepole na nyuma yangu kuna bajaji tatu. Nilivuta hendibreki kwa mikono miwili.

Boksi ya mtumba kutoka Dar ilinitoka 2,300,000, ufundi 350,000, mafuta yake mbali. Nilipoiuza, pesa niliyopata sisemi hapa, mume wangu anasoma.

Siku hizi nina Probox. Na hapo nikuonye, usije ukahamia kwenye Probox ukanunua iliyobeba samaki. Huku kwetu ni nyingi. Barafu inayeyuka na chumvi yake, maji yanashuka chini ya zulia la nyuma. Linyanyue, inama unuse. Mimi nilifuata harufu kwenye moja pale Nyakato kwa kidole, kidole kikapita kwenye bati.

Ng'wana Magu
Mnamtisha mwenzenu wote mpo lami. Nina Forester kama hiyo, injini ya EJ20 bila turbo, mwaka wa sita huu. Masika yaliyopita nimezivuta IST mbili kwenye tope siku moja, na mmoja wa wenye gari alikuwa bado ananishauri niuze langu. Magurudumu yote manne yanasukuma, na tumbo haligusi mawe.

Ila nitasema ukweli wote. Hii ina mkanda wa taimingi. Ukifika kilomita 100,000 unabadilishwa, siyo kuangaliwa. Ukikatika ukiwa mwendoni, valvu zinagongana na pistoni, injini imekwisha. Mimi nilibadilisha pamoja na tensheni inayoukaza na pampu ya maji, 480,000 na ufundi humo. Injini imelala ubavu, hivyo fundi asiyeizoea atakaa saa nzima kwenye plagi tu. Na usimimine maji ya bomba kwenye rejeta, weka kulanti. Ikichemka mara moja, gasketi za silinda hedi zitakukumbusha mwaka mzima. Mafuta: lita moja inanipa kilomita 9.

Spana Kumi na Nne
Ng'wana Magu kasema haki, na wa namna yake ni wachache. Hapo kwenye kilomita 9 ndipo tukae. Mtoro, tuseme utatembea 1,200 kwa mwezi. Forester itakunywa lita 133. IST ikikupa 14 kwa lita, itakunywa 86. Tofauti ni lita 47 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya kituo unachojazia. Lakini IST kwenye barabara hiyo nayo ina mkono wake mfukoni. Mteja wangu wa Sengerema kila mwaka anabadilisha linki za stabilaiza na bushi, na mwaka huu shokapu za mbele. 270,000 zilimtoka. Inauma, ila haimlazi njiani.

Kingine, kabla hujalipa ingia chini. Ziwa letu ni maji baridi, halili bodi. Gari iliyoishi Dar kando ya bahari, au Japani kwenye barabara za theluji wanazomwagia chumvi, utaiona kwenye maungio. Halafu angalia raba ya pedali ya breki. Raba haijui kurudisha kilomita.

Mtoro wa Pantoni
Nimerudi kutoka kwa dalali wa IST. Dashibodi inasoma 78,000. Pedali ya breki imelika upande wa kulia hadi chuma kinachungulia. Nikalala chini kwa tochi ya simu, nikagusa ungio la mkono wa nyuma, likabaki unga mwekundu kwenye vidole. Nikamuuliza ilikuwa wapi kabla ya hapa. Akasema Kigamboni, tena kwa fahari.

X-Trail nimeifuta, pole Mama Dagaa. IST naendelea kutafuta nyingine ila hiyo hapana. Forester sijaiona bado, na muuzaji anasema mkanda ulibadilishwa lakini risiti hana. Ng'wana Magu, unaweza kunisindikiza?

Ng'wana Magu
Jumamosi saa 3 asubuhi, nikukute Mabatini. Asiyekuwa na risiti hajabadilisha, tutafungua kava ya mkanda tuangalie wenyewe. Akikataa kufungua tunakwenda kula sato.

Mama Dagaa
Sato mnunue kwangu.