Naomba ushauri: Benga au nyatiti kwenye filamu ya riwaya ya Dickens?

NyotaYaDunga: Habari zenu wakuu. Tunatengeneza filamu ya dakika 28 kutoka Great Expectations, tumeihamishia ufuoni Dunga, Kisumu, mwaka 1952. Dickens alifariki 1870, kwa hiyo riwaya ni ya wote. Nimekwama kwenye muziki: benga (muziki wa gitaa wa Waluo) au nyatiti (kinubi cha Waluo)? Usingizi umenipaa.

FundiMaiki: Nyatiti. Maiki moja karibu na ngozi, nyingine mguuni, maana pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, inayogonga ala, ndiyo ngoma yake. Ila mlio wa pete humeza herufi s na t. Chini ya mazungumzo, punguza desibeli 3 hivi kati ya kilohezi 2 na 5. Orutu, ile fidla ya uzi mmoja, usiiweke mtu akiongea, inagombana na sauti ya binadamu.

Bibi_Milimani: Wanangu, kisomeni kitabu kwanza! Pip, mhusika mkuu, anamwonea aibu Joe, shemeji yake aliyemlea. Joe akija mjini kumtembelea, zima muziki wote. Vikombe na viti vinatosha.

Mkakamega: Benga 1952 ni mapema mno, ingawa mwaka si sheria. Barry Lyndon ya 1975 ni hadithi ya karne ya 18, na Kubrick alitumia utunzi wa Schubert wa 1827. Lakini benga yenyewe ni ipi? Mmetungiwa?

NyotaYaDunga: Ni ya zamani tu.

Mkakamega: Ya nani? Ya lini?

NyotaYaDunga: Sawa. Ni rekodi ya 1978. Mtunzi ni marehemu, mjukuu wake amekubali kwa simu. Picha nimeshaikata kufuata wimbo, siwezi kubomoa. Na leseni ya muziki tumelipa.

SheriaNakuru: Ndugu, leseni hiyo ni ya kupiga muziki hadharani, kama hotelini au kwenye matatu. Kuufunga wimbo kwenye picha kunataka ruhusa mbili: ya utunzi na ya rekodi. Hapa Kenya utunzi hulindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi, kwa hiyo atie sahihi msimamizi wa mirathi, si mjukuu mmoja. Rekodi ya 1978 inalindwa hadi mwisho wa 2028, na mwenye haki kwa kawaida ni mtayarishaji aliyeandaa kurekodiwa kwake. Mkataba utaje sekunde, nchi, muda na mtandaoni.

Mtazamaji77: Hii imetungwa. Kwanza swali la ala, sasa mirathi? Ni kazi ya darasani.

Bibi_Milimani: Hata kama ni ya darasani, majibu ni yaleyale.

FundiMaiki: Tupime. Nyota, wimbo una mapigo mangapi kwa dakika?

NyotaYaDunga: Unaanza 138, unafika 144 mwishoni. Ndiyo maana mikato yangu inazidi kuwa mifupi.

FundiMaiki: Huyu ana wimbo mkononi. Wapigaji wa wakati huo wakipamba moto, kasi hupanda. Basi usibomoe picha. Chora ramani ya mapigo, sehemu kwa sehemu, umpe mpiga gitaa atunge kipya juu yake. Wimbo wa marehemu asiusikie kabisa, asije akaurudia bila kujua. Rekodi kwa sampuli za kilohezi 48, kiwango cha filamu, gitaa na besi kila moja kivyake, ili besi ibaki peke yake wanapoongea.

NyotaYaDunga: Na mjukuu nimwambieje?

SheriaNakuru: Mpigie leo, kabla hajawaambia wenzake kwamba pesa inakuja.