Naomba ushauri: nataka kuwapeleka watoto wakaangalie ndege wanaorudi Ulaya kabla hawajatuondokea (Ujiji/Luiche)

Mwana_Ujiji
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Mi nipo Ujiji, najitolea kufundisha shule moja ya msingi huku, nimekuja kwenu kwa sababu nimekwama na siku zinakatika.

Toka mwezi wa kumi mpaka sa hivi huku kuna ndege wageni kibao, tunapishana nao kila siku ila hatuwajali, wale mbayuwayu wenye koo jekundu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme, vile vindege vya njano vinavyotembea katikati ya miguu ya ng'ombe mkia unapiga juu chini, vitwitwi, vile vindege vya kandokando ya maji, kwenye mawe ya ziwani. Hawa wanazaliana Ulaya na Urusi, kwao baridi ikiingia wanashuka huku, na kuanzia mwezi huu wa tatu mpaka wa nne kwao majani yanaanza kuchipua na wadudu wanatoka ndo wanarudi, ikifika katikati ya mwezi wa tano hata umtafute kwa tochi humpati. Mbayuwayu ana gramu kama 20 tu jamani, kiganja cha dagaa wakavu, na anavuka Sahara yote kwa mbawa zake.

Sasa wiki mbili zilizopita nimewakuta watoto watatu wa darasani kwangu nyuma ya mashine ya kukoboa wana manati, wameshaangusha mbayuwayu wanne wamewalaza chini kwenye mstari. Nikawauliza mnawapeleka wapi, wakasema hatuwapeleki popote mwalimu tunapima shabaha. Sikuwachapa. Nilichuchumaa nao pale nikawasimulia huyu ndege ametoka wapi na alikuwa anajiandaa kwenda wapi, mmoja akaniuliza "njia anaijuaje?" nikashindwa kumjibu cha maana. Toka siku ile sijatulia.

Nataka nichukue watoto kama 14 Jumamosi moja asubuhi niwapeleke wakawaone wakiwa hai. Shida ni kwamba darubini ninayo moja tu, imeandikwa 12x25, ukiishika picha inacheza mpaka kichwa kinauma. Sijui nichague mdomo wa Luiche, au Bangwe, au nijikakamue mpaka Ilagala. Wazazi wawili wameshaniuliza hiyo iko kwenye mtihani? Na juzi nimesimama ufukweni peke yangu naangalia ndege, jioni naambiwa kuna mtu kapeleka habari kwa mwenyekiti kwamba kuna kijana anachungulia upande wa Kongo. Yani nilisikia vibaya sana.

Waliowahi kufanya kitu kama hiki naombeni mnisaidie.

Dada_wa_Mwanga
Mwalimu Mungu akubariki kwa moyo huo. Kwenye la wazazi, usiwaambie unapeleka watoto kuangalia ndege, waambie unawapeleka somo la sayansi na jiografia nje ya darasa, kwa sababu ndicho kitu chenyewe, majira ya mwaka, mabara, jangwa, yote yamo humo. Afu mwalimu mkuu asaini barua. Wangu ni darasa la nne, angepata nafasi hiyo ningemfungia chakula mwenyewe.

Mstaafu_Malagarasi
Kijana wangu, nimetembea bonde la Malagarasi miaka mingi kabla sijastaafu, ngoja nikujibu kwa utaratibu kidogo.

Ilagala achana nayo kwa mwaka huu. Najua watu watakuja kukutamanisha na korongo nyangumi, yule ndege mkubwa wa mdomo kama kiatu, ni kweli yupo kwenye mabwawa ya Malagarasi-Muyovozi, lile ndilo eneo letu la kwanza Tanzania kuingia kwenye mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka 2000, ila yeye anakaa ndani kabisa kwenye mafunjo, sio wa kwenda kumwona na watoto 14 asubuhi moja, halafu yeye sio msafiri, yupo mwaka mzima. Wewe unawatafuta wasafiri. Na mdomo wa Malagarasi una mamba na viboko, watoto wa watu hao.

Nenda Luiche, kwenye majaruba ya mpunga. Pale kwenye maji ya kina kifupi na tope ndipo vitwitwi wanaposhiba, maana ndege huyu kabla hajaondoka ni lazima anenepe, wapo wanaokaribia kuongeza uzito wao mara mbili, hayo mafuta ndiyo petroli ya kuvukia Sahara. Waambie watoto hivyo, kwamba ukimfukuza fukuza ndege mwezi wa tatu unamwagia mafuta yake chini. Vile vya njano pia utaviona vimebadilika rangi, madume yanakuwa ya njano ya kuwaka kuliko yalivyofika mwezi wa kumi, anavaa nguo ya harusi akiwa bado huku kwetu.

Swali la mtoto ni zuri sana na lina jibu. Wanatumia jua mchana, nyota usiku kwa wale wanaoruka usiku, na wanaihisi sumaku ya dunia. Wengine njia wamezaliwa nayo, mtoto wa kekeo wa Ulaya analelewa na ndege wa aina nyingine kabisa, wazazi wake wanatangulia kuondoka, na yeye anakuja Afrika peke yake bila wa kumwonyesha. Halafu angalieni ramani, ziwa letu la Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na limelala kusini kwenda kaskazini. Wale wakubwa kama korongo weupe na mwewe hawapigi sana mbawa, wanapanda na hewa ya moto inayonyanyuka nchi kavu, juu ya maji hewa hiyo haipo, kwa hiyo wanapenda kufuata milima ya kando kuliko kukatiza ziwa. Ukisimama Ujiji kuanzia saa nne asubuhi jua likishawaka, usiangalie ziwani tu, geuka uangalie juu ya vilima.

Kipe_Kibirizi
mwalimu mi mvuvi wa dagaa hapa kibirizi. kama unataka mashua ya kuwapitisha watoto kandokando ya ziwa subiri mbalamwezi, sisi mwezi ukiwa mkubwa hatuendi ziwani usiku, taa zetu hazivuti dagaa, tunakaa tu tunashona nyavu, hapo mashua unapata kwa mafuta tu na mtu wa kukuendesha hajachoka. na ukitaka kujua tarehe bila kusumbuka angalia pasaka, pasaka kila mwaka inakuja jirani na mwezi mkubwa, na shule zinakuwa na mapumziko

na uende asubuhi, saa 1 na nusu muwe majini, jua linakuwa mgongoni mwenu mkiangalia ziwani, mchana jua linahamia upande wa kongo linakupiga usoni huoni ndege unaona kivuli, afu mchana upepo unaamka mawimbi yanakuwa makubwa

Nesi_Kasulu
Samahanini naingia hapa kama mtu wa afya. Mtoto yeyote asipande mashua bila jaketi la kuokolea, hata kama mnaenda hatua ishirini kutoka ufukweni. Kama jaketi hazitoshi 14 basi mashua isiwepo, tembeeni kwa miguu. Na kule majarubani msiwaache waingie kwenye maji yaliyotuama peku, kichocho kipo kwenye maji ya namna hiyo, wavae buti au wabaki juu ya matuta. Maji ya kunywa ya kutosha, kofia, na mtu mzima mmoja kwa watoto watano. Mwalimu mmoja watoto 14 hapana mwalimu wangu.

Mwana_Ujiji
Asanteni sana mpaka machozi yananilenga. Mzee wangu shikamoo, hilo la petroli nalichukua kama lilivyo. Dada Nesi nimekusikia, mashua naiweka pembeni mpaka nipate jaketi, tutatembea. Kaka wa Kibirizi namba yako nitaiomba pembeni. Nilichobaki nacho ni darubini na hii habari ya mwenyekiti.

Mnyamwezi_Halisi
Natokea Tabora. Darubini usinunue kwa kuangalia namba kubwa, hapo ndo wengi tunapigwa. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ya kwako 12x25 inakuza sana ila kioo ni kidogo, mwanga hauingii, na mkono ukitikisika kidogo kila kitu kinaruka. Tafuta 8x42 hata ya mtumba, mtoto anaishika vizuri na alfajiri anaona. Kwa hiyo uliyonayo, ifunge fimbo chini kama mkongojo au mtoto aegemeze viwiko kwenye baiskeli, inatulia. Na kwenye simu weka Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, haina malipo, ukishapakua orodha ya ndege wa huku ukiwa na bando basi porini inafanya kazi bila intaneti.

Ila mi nataka uwasimulie wale watoto wa manati habari ya korongo wa Ujerumani. Zamani Ulaya watu walikuwa hawajui ndege wanaenda wapi baridi ikianza, wengine waliamini mbayuwayu wanalala kwenye tope chini ya mabwawa. Mwaka 1822 kule Mecklenburg akapatikana korongo mweupe ana mshale umepita shingoni, mrefu karibu sentimita 80, kuuchunguza ule mti ni wa Afrika ya kati. Yani mtu wa huku kwetu alimpiga, akaruka nao hivyo hivyo mpaka kwao, na ndipo wakaanza kuamini kwamba ndege wao wanakuja Afrika. Yule korongo bado amehifadhiwa Rostock. Wasimulie afu nyamaza, wala usiwaongezee neno.

Dada_wa_Mwanga
Jamani hii ya korongo nimemsomea mume wangu hapa na yeye kaacha kula.

Mstaafu_Malagarasi
Kuhusu mwenyekiti, mwanangu usimkasirikie aliyepeleka habari. Huku mpakani, watu wamepokea wakimbizi miaka na miaka, wameona mengi, mtu na darubini ufukweni lazima wajiulize. Nenda kabla, usisubiri uitwe. Andika barua kwa mtendaji, nakala kwa mwenyekiti, taja siku, saa, eneo na idadi ya watoto. Darubini usiielekeze bandarini wala kwenye kambi yoyote. Halafu mpe mwenyekiti naye achungulie. Mimi kazini nilikuwa nafanya hivyo kila kijiji, mtu akishamwona mdiria kwa darubini rangi zote zile haulizi tena unatafuta nini.

Na siku mkiamka mvua imenyesha usiku, kumbikumbi wanatoka, usiahirishe. Siku hiyo ndiyo yenyewe. Tega sikio kabla ya macho, keremkerem wa Ulaya, wale wala nyuki, wanapita juu sana, unawasikia wanaitana kama filimbi ina maji ndani kabla hujawaona.

Kipe_Kibirizi
jaketi ninazo 6, za watu wa gombe naweza kuazima 4

Mwana_Ujiji
Wakuu nimerudi kuwapa mrejesho, samahanini nimechelewa.

Tumeenda Jumamosi ya Pasaka, watoto 13, mmoja aliumwa, watu wazima tulikuwa wanne pamoja na mwenyekiti mwenyewe ambaye nilimpelekea barua akasema na mimi nakuja. Usiku mvua ilinyesha vizuri tu, asubuhi tukafika majarubani tope mpaka kwenye vifundo ila buti tulikuwa nazo. Vitwitwi watoto walihesabu 31, sijui kama kuna waliorudiwa, ila walihesabu kwa makini sana na kubishana kweli kweli. Vya njano vilikuwa vimebaki vichache, vingi nadhani vimeshaondoka. Juu ya maji buabua wamegeuka mwili mweusi mbawa nyeupe wanachota wadudu bila kutua.

Kwenye saa nne kumbikumbi wameshajaa hewani, yule mtoto aliyeniuliza njia anaijuaje akashika mkono wangu akasema mwalimu sikiliza. Mi nilikuwa sijasikia kitu. Ukapita muda ndo nikasikia, na kuangalia juu, keremkerem, kundi la kwanza, la pili, wanazunguka wanakula afu wananyooka kaskazini wote. Watoto walikaa kimya. Hawa watoto nawajua, sijawahi kuwaona kimya namna ile. Mwenyekiti alikuwa kashika darubini hakuitoa mpaka wamepotea.

Habari ya korongo niliwasimulia wakati wa kula, nikafanya kama Mnyamwezi alivyosema, nikanyamaza. Yule wa manati bado anayo shingoni, sijamnyang'anya. Ila kaniuliza ule mshale alivyoruka nao ulikuwa unamuuma njia nzima? Nikamwambia nadhani ndio. Akaendelea kula, hakusema kitu tena.

Wazazi wanane wameshaandikisha watoto kwa mwezi wa kumi wakirudi. Kaka wa Kibirizi jaketi 10 zinatosha tukigawanya safari mbili, kabla mbalamwezi haijaisha naomba tuongee habari ya mashua maana mbayuwayu bado wapo kwenye nyaya hapa kwetu, leo asubuhi nimewahesabu 46.