Montreal au Toronto: mji upi wanaondosha theluji vizuri?

MtotoWaMkunazini
Assalam alaykum wanajukwaa. Nna nafasi mbili za kazi, moja Montreal na nyengine Toronto, zote Kanada, na jibu wanalitaka wiki hii. Mshahara unakaribiana. Linalonitia hofu ni theluji. Ikipiga tufani usiku kucha, mji upi wanafungua njia haraka? Mliokaa huko nisaidieni.

Bi_Shangani
Waalaykum salaam. Mwanangu, mbona ya maana hujayasema? Una gari? Unakwenda peke yako au na familia? Kazini unaingia saa ngapi?

Makunduchi_Kwetu
Montreal, wala usifikiri mara mbili. Nimekaa huko. Matrekta yenye sepeto kubwa yanasukuma theluji pembeni, vitrekta vidogo vinapita njia za miguu. Ikizidi wanaizoa kabisa: mashine inaikusanya na kuirushia ndani ya malori, nyingine inamwagwa Francon, machimbo ya zamani ya mawe. Toronto mara nyingi wanaisukuma tu pembeni, inabaki hapo mpaka iyayuke.

Wete_Mjini
Unapendelea. Montreal inaanguka kama mita 2 kwa mwaka, Toronto mita 1 na kidogo. Mzigo si mmoja. Halafu mwambie na habari ya vibao vya rangi ya chungwa vya kukataza kuegesha gari: ving'ora vikishalia, gari iliyobaki inakokotwa.

Chwaka_Ughaibuni
Mimi nilikuwa Ottawa, nyumba ya chini. Nikailipa kampuni moja pesa ya msimu mzima isafishe njia ya kutolea gari. Usiku wa tufani hawakutokea, simu hawapokei. Alfajiri trekta la mji likapita, barabara ikawa safi, mlangoni kwangu likaacha tuta limeshikana kama saruji. Mke wangu ana mimba kubwa na siku ile anatakiwa kliniki! Nikachimba kwa beleshi mpaka vidole vikafa ganzi. Namaliza tu, trekta likarudi, tuta likarudi. Jirani mmoja, Mungu amlipe kheri, ndiye aliyempeleka kwa gari yake. Pesa zetu mpaka leo hatujarejeshewa. Kwa hivyo mimi nasema tafuta fleti karibu na treni ya chini ya ardhi. Mji baadaye.

Mkokotoni_Pwani
Na chumvi wanayomwaga barabarani kuyayusha barafu, mbona hamuitaji? Baridi ikishuka kama nyuzi 10 chini ya sifuri inapoteza nguvu, wanamwaga changarawe. Halafu chumvi hiyo inakula gari. Ndiyo maana gari za Sapporo, Japani, zinashuka bandarini Malindi hapa Unguja na kutu.

Fundi_Mwanakwerekwe
Hata upepo wa bahari hapa kwetu unakula bodi. Ila kutu ya chumvi ya barabarani inaanzia chini, kwenye chesisi na paipu za breki, juu rangi inang'aa. Nagaoka, huko huko Japani, barabara zina mabomba yanayorusha maji ya visimani, yana joto la kutosha kuyayusha theluji.

MtotoWaMkunazini
Samahanini, nilikuwa kazini. Gari sina. Nakwenda na mke na mtoto mchanga, kazi ni ya zamu za usiku.

Bi_Shangani
Basi uliza njia za miguu, si barabara. Mkeo ndiye atakayesukuma kigari cha mtoto.

Wete_Mjini
Toronto nako siku hizi mji wenyewe unasafisha njia za miguu, usitishike.

Makunduchi_Kwetu
Mimi bado nasema Montreal.

Mkokotoni_Pwani
Fundi, nna Noah iko njiani kutoka Sapporo. Niangalie wapi kwanza?

Fundi_Mwanakwerekwe
Nyuma, springi zinapokaa. Gonga kwa nyundo ndogo. Ukitoka unga mwekundu, bei hiyo usikubali.